Mwalimu Aliyekataa Kugusa Gari Langu

Walisema gari lile halitapanda. Walisema mimi, mtoto wa wakimbizi niliyerudi Rwanda kutoka Bukavu, Kongo, na begi moja na diplome iliyofungwa kwenye nailoni, sitaweza kuchukua gari la dizeli lililokwisha kuchoka kwa wengine, kulijaza mchele wa Bugarama bondeni, na kulifikisha Kamembe mlimani bila kusimama njiani likitoa mvuke kama sufuria ya maharage. Mwenye kinu cha mchele alisema hivyo huku akicheka. Wapagazi wa Rusizi ya Kwanza, kwenye daraja la mpakani, walisema hivyo bila kucheka. Mke wangu naye alisema, ila yeye alisema kwa kunyamaza.

Nililipandisha. Nasema hivyo mapema, maana sipendi kumfanya mtu asubiri jambo ambalo mimi mwenyewe nimekwisha kulishinda. Leo nina karakana yenye paa la bati na shimo la simenti la kuingilia chini ya magari, na wanaotoka Kigali na magari yao mapya huniuliza mimi kwanza kabla ya kushuka bondeni. Hakuna mjomba aliyeniachia kitu. Lakini nikikaa jioni na kuwaza, silikumbuki gari kama ninavyomkumbuka mtu mmoja ambaye hakusema nitaweza wala hakusema sitaweza. Alikuwa mwalimu wangu wa mekaniki. Nitamwita Mwalimu tu, kwa sababu hata leo, nikiwa baba wa watoto, sijawahi kulitamka jina lake mbele yake.

Alifundisha ng'ambo ya mpaka, Bukavu, katika shule ya ufundi iliyokaa juu ya mteremko unaotazama ziwa. Alivaa koti la bluu la kazi kama sisi, lakini ndani yake alivaa shati na tai, na ncha ya tai aliiingiza katikati ya vifungo ili mkanda wa injini usije ukaikamata. Mwanafunzi aliyefika na shati nje ya suruali alirudishwa mlangoni. "Moteri ni muntu mukubwa," alisema juu ya injini. "Haumwendee sawa vile unaenda kuchota maji."

Wengi wakiwasifu walimu wao husema walikuwa wanyenyekevu. Wangu hakuwa. Aliamini kwamba kutoka Uvira hadi Goma hapakuwa na sikio kama lake, na aliitangaza imani hiyo hata kanisani, ingawa sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani kwa sababu ya kelele za dizeli. Kwa kazi ya kusikiliza alikuwa na fimbo ya mkaratusi, nyembamba, iliyolainishwa na miaka mingi ya kushikwa. Mwisho mmoja aliuweka juu ya injini inayonguruma, mwisho wa pili aliuuma kwa meno, kisha akafumba macho. Sauti ilipita kwenye mti, ikaingia kwenye meno, ikafika kichwani. "Sikio linachoka," alituambia akishaitoa fimbo mdomoni. "Mufupa hauchoke."

Hakuwahi kumiliki gari. Mtu aliyewatibia magari matajiri wote wa mtaa wake alikwenda kazini kwa miguu, na siku alipopewa lifti alikaa mbele ameshika mlango kwa mikono yote, akimwomba dereva apunguze mwendo hata mahali pasipo na mteremko. Aliwacheka wenye magari waliopaka maji ya baraka kwenye bonet. "Yesu hakuwa fundi wa dizeli, alikuwa fundi wa mbao," aliwaambia. Lakini yeye mwenyewe hakufungua kifuniko cha radieta bila kufanya ishara ya msalaba. Tulipomcheka alipandisha mkono wa koti na kutuonyesha kovu lililoanzia kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko, ngozi iliyokunjamana kama ya maziwa yaliyochemka. Aliwahi kufungua radieta ya moto, akiwa kijana, kwa haraka ya kumfurahisha bosi. Kovu lile ndilo lililotufundisha kuliko kitabu. Katika darasa letu hakuna aliyeungua hata mmoja.

Alikuwa na neno lake juu ya maji. Maji ambayo haunywe, alisema, moteri nayo isinywe. Tukiwa shuleni tuliona ni usumbufu wa mzee. Kisha nikarudi Rwanda, nikashuka Bugarama, nikaona watu wakichota maji ya mashamba ya mpunga, yenye tope na chokaa, wakimimina kwenye radieta huku wakimsifu Mungu kwamba maji ni ya bure. Ndipo nilipomwelewa.

Sasa niseme jinsi gari lile lilivyofika mikononi mwangu, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini nilimlilia Mwalimu kama mtoto.

Wanawake wanaovuka mpaka na mchele walikuwa na likilemba yao. Kila juma kila mmoja alitoa fungu lake, na chungu chote kilimwendea mmoja kwa zamu. Wengine walikuwa wamerudi kutoka Kongo kama mimi, wengine walikuwa wa Bukavu kabisa. Aliyewaongoza tulimwita Maman Furaha, mjane mrefu mwenye sauti ya kiume. Waliumia kwa kulipa magari ya watu, na nikawaambia mimi ni fundi mwenye diplome, nipeni chungu, ninunue gari, nibebe magunia yenu kwanza na ya wengine baadaye, na niwarudishie kidogo kidogo. Wakakubaliana kila mmoja aiache zamu yake. Sijui kama msomaji anaelewa uzito wake. Katika likilemba mtu huweza kuiacha zamu yake kwa msiba tu.

Siku ya kunikabidhi, Maman Furaha alizihesabu noti mbele yangu. "Papa," alisema, "kama motoka ile inakufa, sisi hatuna hata pa kulilia. Ile njo mutaji yetu yote. Njo chakula ya batoto."

"Maman, mi nina diplome."

"Diplome batoto habaikule."

Nilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa bondeni. Bugarama chini, kwenye tambarare na joto lake, gari lilikwenda vizuri mchana kutwa. Nililijaribu bila mzigo, nikaridhika. Safari ya kwanza yenye magunia, tulipoanza kupanda, sindano ya joto nayo ikaanza kupanda. Kabla ya kufika Nyakarenzo ilikuwa kwenye alama nyekundu, na kutoka mbele ya injini kukawa na sauti ya kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango akijua kuna watu ndani wasiotaka kufungua. Nikasimama. Maji yalichemka, yakatoka kwenye kifuniko. Wanawake walishuka bila kusema kitu, wakajitwika magunia waliyoweza, wakatembea. Wakalikosa soko la ng'ambo siku ile. Safari ya pili ikawa hivyohivyo, ila safari hii walisema.

Kila mtu alikuwa daktari. Mwenye kinu alisema kichwa cha injini kimepasuka, niliuze kama chuma. Fundi mmoja wa Kamembe alisema ni gaskiti iliyoungua. Mwingine alisema gari za bondeni hazipandi milima, ni kama samaki. Niliipima injini kwa njia nilizofundishwa: hakukuwa na mafuta ndani ya maji wala maji ndani ya mafuta, na moshi haukuwa mweupe. Gaskiti ilikuwa nzima. Nilijua ugonjwa si huo, lakini kujua ugonjwa ambao mgonjwa hana si sawa na kumponya. Maman Furaha hakuwa akinipigia kelele. Alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na gunia kichwani, kwa miguu, na kunisalimia kwa adabu. Hilo lilinimaliza kabisa.

Ng'ambo kulikuwa na vita. Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa asubuhi, ukafungwa tena mchana. Nilikwenda kusimama Rusizi ya Kwanza nikiwatazama wanaovuka daraja, nikawapa wapagazi salamu za kumfikishia Mwalimu kama yu hai. Nilifanya hivyo mara nyingi, hadi askari wa upande wetu wakaniuliza kama nina mpenzi kule.

Akaja. Alikuja kwa miguu, na tai, na fimbo ya mkaratusi, amekonda. Shule ilikuwa imefungwa, hajalipwa tangu sijui lini, lakini viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi. Nilimleta nyumbani, mke wangu akampa chai, na kabla kikombe hakijaisha nikamweleza joto na kelele, nikamwomba alitazame gari.

"Nitalitazama," alisema. "Kuligusa, hapana."

"Mwalimu, nakuomba."

"Sikiliza. Ile diplome yako, njo nani aliisaini?"

"Ni weye, Mwalimu."

"Basi. Kama nagusa motoka yako, ni kusema nilisaini bongo, karatasi ya uongo. Mi siko muntu wa bongo. Mikono ni yako. Mi niko na mudomo tu."

Wote aliowafundisha waliijua sheria ile. Siku ya kusaini diplome aliagana na mikono ya mwanafunzi, na tangu hapo hakushika hata bisi moja, yaani skrubu, kwenye gari lake. Wengine waliona ni ukatili. Mimi asubuhi ile niliona ni ukatili. Nilimwambia kuna wanawake watakaolala njaa kwa sababu ya msimamo wake. Akanywa chai.

"Joto na kelele," aliuliza, "nani alitangulia?"

Sikujua. Ilinibidi niseme hivyo mbele ya mke wangu.

"Basi hauna motoka, uko na kilio tu. Muntu anakuja hospitali anasema naumwa, munganga anamuuliza wapi. Washa."

Niliwasha. Injini ikiwa baridi kabisa, ko-ko-ko ilikuwepo tayari. Kwa hiyo kelele haikuzaliwa na joto. Hilo tu, ambalo ningeweza kuliona mwenyewe kama hofu isingekuwa imenijaa kichwa, lilikuwa nusu ya safari. Mwalimu akaja na fimbo yake. Nilimwambia fimbo nayo ni kugusa. Akasema fimbo si mkono, akaiuma, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaitoa mdomoni na kuifuta kwa leso.

"Bielle," alisema. "Vyuma vya katikati vimekwisha."

Msomaji asiyejua magari aelewe hivi: bielle ni mikono ya chuma inayoshika pistoni ndani kabisa ya injini, na ni kama kuambiwa mgonjwa wako afunguliwe kifua. Injini yote ishuke, vyuma vya ndani vibadilishwe, navyo havikuwepo mkoa wetu wote wa Cyangugu, na Bukavu palikuwa na risasi. Mwalimu akarudi ng'ambo kabla mpaka haujafungwa. Mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, na nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Maman Furaha. Niliyapanga, nikayafuta, nikayapanga tena. Nilifikiria kutorokea Kigali. Nilifikiria kwamba nimerudi kwetu ili nije kuwa mtu anayekula zamu za wajane. Mke wangu alikuja akasimama karibu. "Yeye ni muntu," alisema. "Naye anakosea kama bantu bengine. Weye umesikia nini?"

Nilikuwa nimesikia kitu, kweli. Sauti ya bielle hugonga kutoka chini na huongezeka ukikanyaga mafuta. Hii ilitoka mbele, na ilikuwa na kitu cha kusaga ndani yake. Lakini nilikuwa nimesikia kwa sikio, na yeye kwa mfupa, na ndiye aliyenifundisha kwamba mfupa hauchoki.

Kulipokucha nikalegeza mkanda unaozungusha pompi ya maji, feni na alternata. Nikautoa. Nikawasha injini bila mkanda, kwa muda mfupi tu isije ikapata moto. Kimya. Dizeli iliimba peke yake, safi, bila mgongaji. Nikazima, nikashika feni na kuitikisa: ilicheza kama jino la mtoto. Ruleman za pompi, zile duara zenye gololi ndani, zilikuwa zimekwisha kwa kunywa tope la mashamba ya mpunga.

Nilishuka Bugarama kwa lori la watu, nikaenda kwa yule mwenye kinu aliyenicheka. Mashine za mchele nazo zina ruleman. Nikasoma namba, nikakuta zinalingana. Akaniazima mbili za akiba yake, akisema ananizika na zana zangu.

Kelele ikaisha. Mwalimu alipovuka tena nilimwambia mbele ya watu, sikuficha, kwa sababu mimi si mtu wa kuficha ushindi: si bielle, ni pompi. Nilitaka kuona uso wake. Alinitazama, akarekebisha tai, akasema, "Ulitosha mukanda?"

"Nilitosha, Mwalimu. Niliuondoa kabisa."

"Mi sikufikiri kutosha mukanda." Akakaa. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sasa ile diplome imekuwa yako. Tangu zamani ilikuwa yangu."

Joto lilibaki. Gari halikupiga kelele tena, lakini bado lilichemka mlimani, na wanawake bado walitembea. Safari hii alipoanza kuniuliza sikumkasirikia.

"Asubuhi, ukiwasha, ile mupira ya juu ya radiatère inapata moto mara moja, ao inangoja?"

"Haingoji. Inapata moto polepole pamoja na injini, tangu mwanzo."

Akaningoja. Nikaona: hakukuwa na kinachoyazuia maji. Nilifungua kikombe cha juu ya injini mahali panapokaa kalorstati, kile kifaa kidogo cha shaba chenye springi, kinachofunga maji yakiwa baridi na kuyafungulia yakipata moto. Hapakuwa na kitu. Tundu tupu.

Ni desturi ya bondeni, na hadi leo hawajaiacha. Kule joto ni kali, kwa hiyo mtu akinunua gari, jambo la kwanza ni kuitoa kalorstati, apate maji yanayotembea huru. Wanaona ni kama kumvua mtu sweta. Lakini injini ile ina njia mbili za maji: moja inapita kwenye radieta ili yapoe, nyingine ni ya mkato, inayoyarudisha kwenye injini bila kupoa. Kalorstati ikifunguka, mkia wake huiziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato haifungwi tena, na maji mengi yanarudi kwenye moto jinsi yalivyo. Tambarare huwezi kujua. Mlimani, na magunia, utajua. Walikuwa wamelivua gari sweta, kumbe wamelivua na ngozi.

Kalorstati haikupatikana. Kamembe hapana, na maduka ya Bukavu yalikuwa yamefungwa au yamevunjwa. Nilijaribu kuiziba njia ya mkato kwa kipande cha mti, kikalainika kuwa uji. Wiki hiyo Maman Furaha hakupita mbele ya nyumba yangu. Nilisikia amepita njia nyingine, na hilo lilikuwa baya kuliko salamu zake.

Mwalimu alirudi na kitu kwenye leso. Katika darasa lake palikuwa na injini moja juu ya kitanda cha chuma, ambayo juu yake vizazi vyote vyetu vilijifunza, ya aina ileile kama yangu. Alikuwa ameingia shuleni akiwa peke yake, wakati watu wamejifungia nyumbani, akaifungua na kuitoa kalorstati yake.

"Mwalimu, ulisema hauguse."

"Ile moteri ni yangu. Haina diplome." Akaiweka mkononi mwangu. "Ni kukopesha. Si kutoa. Batoto bakirudi, nitaihitaji."

Niliifunga, tukapanda. Nilijaza maji safi ya kunywa, mke wangu akalalamika. Maman Furaha alikaa mbele, amekunja mikono, macho kwenye sindano na si kwenye barabara. Nyakarenzo ikaja, ikapita. Sindano ilisimama katikati kama imechorwa. Tulipoona mabati ya Kamembe akasema, "Kumbe inaweza," na akaanza kuongea habari nyingine kabisa, bei ya mafuta ya mawese, kama mtu ambaye hakuwahi kuogopa.

Miaka ikapita, na nililipa. Nilimrudishia mwenye kinu ruleman mpya mbili, akazipokea bila kucheka. Wanawake niliwalipa mmoja mmoja kwa zamu walizoziacha, na wa mwisho alikuwa Maman Furaha, ambaye alikataa kupokea kabla wote hawajapata. Asubuhi niliyomlipa yeye, nililiwasha gari na kuvuka daraja bila hata kula. Nilikuwa na kalorstati mpya katika boksi lake. Alibaki mkopeshaji mmoja.

Shule ilikuwa imesimama bila milango. Injini ya darasani ilikuwa imebebwa na watu, kitanda cha chuma nacho. Mwalimu nilimkuta nyumbani, amevaa tai juu ya shati lisilo na kola. Sikio la pili lilikuwa limefuata la kwanza, na ilibidi nipige kelele ili ajue ni nani. Alipofungua mdomo kucheka niliona meno ya mbele yameisha. Fimbo ya mkaratusi ilikuwa kwenye pembe ya nyumba, haina kazi.

Nikampa boksi. Akalifungua, akaigeuza kalorstati mwangani.

"Sina pa kuiweka," alisema.

"Najua, Mwalimu. Lakini ni yako."

"Uliipima?"

Sikuwa nimeipima. Ilikuwa mpya. Akamwita mkewe alete sufuria na mbabula yenye makaa, na yule mama akaleta bila kuuliza, kama mke aliyeolewa na dizeli maisha yote. Tukaining'iniza kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini, kama alivyotufundisha. Tukainama juu ya sufuria vichwa vikikaribiana. Maji yakaanza kutoa mapovu madogo, kisha makubwa, na katikati ya mvuke shaba ile ikajifungua taratibu, kama jicho. Akatikisa kichwa kukubali. Akaitoa, akaifuta kwa ncha ya tai yake, akaitia mfukoni mwa shati.

"Motoka ni ile?" aliuliza akionyesha nje.

"Ni ile."

"Washa."

Nikawasha. Akatoka polepole, akasimama mbele yake. Alitazama kule fimbo ilikobaki, akapitisha ulimi mahali meno yalipokuwa. Kisha akanyoosha mkono wake wenye kovu na kuuweka wazi juu ya bonet. Nilishtuka, naye aliona nimeshtuka.

"Usiogope," alisema. "Sitafute ugonjwa. Namusalimia tu."

Akaacha kiganja pale, amefumba macho, na mimi nikaiacha injini iendelee kunguruma mpaka alipoutoa mwenyewe.